Barua ya wazi kuhusu malipo ya watumishi wa serikali za mitaa wanapougua

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Utumishi wa Umma, Mheshimiwa Waziri wa Serikali za Mitaa, wenyeviti wa Tume za Utumishi za Wilaya, na Maafisa Wakuu wa Utawala wa wilaya zote za Uganda.

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zangu za heshima kutoka Arua. Ninawaandikia juu ya jambo moja tu, nalo ni malipo ya mtumishi wa serikali za mitaa katika kipindi ambacho ugonjwa au jeraha limemzuia kufanya kazi. Nyongeza ya mishahara, posho na vyeo vina wasemaji wake. Ombi langu ni kwamba mtoe waraka mmoja, unaozibana wilaya, miji na kaunti ndogo zote sawasawa, ambao utaeleza bila kuacha mwanya kwamba mtumishi anayeugua atalipwa kiasi gani, kwa muda gani, kwa hati iliyotiwa saini na nani, na ni nani mwenye mamlaka ya kuusimamisha mshahara wake. Leo hii majibu ya maswali hayo manne humtegemea mkuu wa ofisi: akiwa na huruma, mgonjwa hulipwa hadi apone, akiwa na haraka au chuki, mgonjwa huandikwa mtoro.

Nianze na sheria, kwa sababu wengi wetu tuliotumikia wilaya tumeisikia ikitajwa zaidi ya tulivyoisoma. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inawahusu waajiriwa wenye mikataba ya kazi, serikalini na nje ya serikali, isipokuwa wachache iliowatenga, kama vile wanajeshi wa UPDF. Katika kifungu cha 55 (natumia namba za vifungu kama zilivyokuwa sheria ilipotungwa), mwajiriwa aliyekwisha kutimiza mwezi mmoja wa kazi mfululizo anastahili malipo ya ugonjwa. Mwezi wa kwanza wa kutokuwepo kazini atalipwa mshahara kamili pamoja na stahili zake nyingine zote, na mwezi wa pili ukimalizika naye bado ni mgonjwa, mwajiri ana haki ya kusitisha mkataba wake, mradi ametimiza masharti ya mkataba huo hadi siku ya kuusitisha. Naomba msomaji arudie hapo katikati. Mwezi wa kwanza umewekewa malipo, na mwisho wa mwezi wa pili umewekewa ruhusa ya kumwondoa mtu, lakini mwezi wa pili wenyewe haukusemewa neno lolote juu ya fedha. Mhasibu mmoja atausoma ukimya huo kuwa ni mshahara kamili, wa wilaya ya jirani atausoma kuwa ni nusu, na wa tatu, ambaye hazina yake imekauka, atausoma kuwa ni sifuri, na kila mmoja atakuwa na hoja ya kumtosha kujibu barua ya mgonjwa.

Ukiendelea hadi kifungu cha 75 cha sheria hiyo hiyo, unakuta maneno yenye mwelekeo mwingine kabisa. Pale zimeorodheshwa sababu ambazo hazikubaliki kuwa sababu za haki za kumfukuza mtu kazi au kumwadhibu, na mojawapo ni kutokuwepo kazini kwa muda usiozidi miezi mitatu kwa sababu ya kuaminika, ukiwemo ugonjwa au jeraha. Kwa hiyo kifungu kimoja kinamruhusu mwajiri amwache mgonjwa baada ya miezi miwili, na kingine kinasema kwamba ugonjwa wa hadi miezi mitatu si sababu ya kumfukuza. Wanasheria watanikumbusha kwamba kusitisha mkataba na kufukuza ni mambo mawili tofauti, na kwamba Mahakama ya Viwanda ipo ili kuyapambanua hayo. Nakubali. Lakini mlinzi wa usiku wa kituo cha afya aliyelazwa kwa mguu uliovunjika hana nauli ya kwenda mahakamani kutafuta tofauti ya maneno mawili, na afisa rasilimali watu anayeandaa barua yake hana muda wa kuitafuta. Tofauti hiyo ni juu yenu kuiweka wazi, ninyi mnaotoa miongozo, kabla haijafika kitandani mwa mgonjwa.

Najua nitajibiwa kwamba watumishi wa umma wana Kanuni zao za Kudumu, zilizotolewa mwaka 2010 na kufanyiwa toleo jipya mwaka 2021, ambazo zina masharti ya likizo ya ugonjwa na utaratibu wa kustaafishwa kwa sababu za kiafya baada ya kuonwa na baraza la madaktari. Ni kweli, na mtumishi aliyethibitishwa kazini, mwenye namba katika mfumo wa mishahara na jalada lililokamilika, huwa na mahali pa kushika. Hata hivyo, wilaya haiendeshwi na watu hao peke yao. Wapo wafagiaji wa masoko ya miji, walinzi, wasafishaji wa vituo vya afya, madereva wa muda, na wakusanya ushuru wanaolipwa kutokana na mapato ya ndani ya halmashauri. Wengi wao huitwa vibarua miaka nenda miaka rudi, ilhali Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zinasema kwamba mtu asiajiriwe kwa kibarua zaidi ya miezi minne, na akizidi hapo anastahili mkataba wa maandishi na haki zote za mwajiriwa. Halmashauri inayomwita mfagiaji kibarua katika mwaka wake wa sita inavunja kanuni za nchi kila asubuhi anaposhika ufagio, na siku anapougua ndipo uvunjaji huo unapomgharimu, kwa kuwa jina lake halimo popote isipokuwa katika daftari la malipo ya siku. Hakuja leo, hakuna pesa.

Sasa tuangalie magonjwa yenyewe, maana hapa ndipo miezi miwili inapoonyesha udogo wake. Malaria ya kawaida haimtoi mtu kazini zaidi ya siku chache, na kwa ugonjwa wa namna hiyo sheria iliyopo inatosha na kubaki. Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi 6. Mgonjwa aliyeanza dawa vizuri huacha kuambukiza wengine baada ya wiki chache, na wapo wanaorudi kazini mapema, lakini wapo pia ambao miili yao imeliwa na ugonjwa kabla ya kugunduliwa na hawawezi kupanda baiskeli kuzungukia parishi, yaani eneo la utawala lililo chini ya kaunti ndogo, hadi miezi kadhaa ipite. Kifua kikuu kilicho sugu kwa dawa huhitaji matibabu mazito zaidi, na katika baadhi ya wagonjwa huvuka mwaka. Mfupa wa paja uliovunjika katika ajali ya bodaboda, na watumishi wetu wa ugani na wakuu wa parishi huishi juu ya pikipiki, huchukua kati ya miezi mitatu na sita kabla ya mtu kuukanyagia. Dawa za saratani mara nyingi hutolewa kwa mizunguko ya wiki tatu tatu. Mwenye kuandikiwa mizunguko 6 amekwisha kuvuka miezi minne kabla hajaulizwa kama anajisikia nafuu. Mtumishi wa West Nile, eneo letu hili la Arua, anayetibiwa katika Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago, Kampala, yuko karibu kilomita 500 kutoka kituo chake cha kazi, kwa hiyo hata zile siku anazoweza kusimama hawezi kuzitumia kufanya kazi.

Kwa mtu wa namna hiyo, ruhusa ya kusitisha mkataba mwishoni mwa mwezi wa pili ina maana kwamba anapoteza mshahara katikati ya dawa. Na kifua kikuu kilichoachiwa dawa katikati ndicho kinachorudi kikiwa sugu. Waheshimiwa, serikali hiyo hiyo inayotoa dawa za kifua kikuu bure katika vituo vyake inamwondolea mgonjwa nauli ya kuzifuata. Sioni hesabu ya fedha inayoweza kulitetea jambo hilo, achilia mbali ubinadamu.

Nigeukie suala la hati ya daktari, ambalo linaonekana dogo na ndilo linaloumiza watu wengi zaidi. Mwajiri ana haki ya kudai hati iliyotiwa saini na mganga mwenye sifa, na sina ugomvi na haki hiyo, kwa sababu wapo watu wanaougua kila siku ya soko. Lakini tazameni jinsi huduma zetu zilivyopangwa. Kituo cha afya cha daraja la pili kina muuguzi, cha daraja la tatu kinaongozwa na afisa kliniki, na daktari kwa mpangilio hupatikana kuanzia daraja la nne au hospitali ya wilaya. Mwalimu wa shule ya msingi iliyoko pembezoni, aliyelala na homa kwa siku tatu na kutibiwa vizuri katika kituo cha daraja la tatu kilicho jirani na shule, anaambiwa hati yake haitoshi kwa kuwa haina saini ya daktari. Basi anainuka angali dhaifu, anapanda bodaboda kwa pesa za kukopa, anasubiri siku nzima kwenye foleni, ili daktari asiyemtibu aandike kwamba aliugua ugonjwa uliokwisha kupona. Daktari huyo naye ameacha wagonjwa wa kweli ili ajaze karatasi. Waraka ninaouomba useme kwamba kwa siku 14 za mwanzo hati ya afisa kliniki, au ya muuguzi msimamizi pale ambapo hakuna mwingine, itapokelewa bila maswali, na kwamba saini ya daktari idaiwe ugonjwa unapovuka hapo. Kwa ugonjwa wa siku moja au mbili, taarifa kwa simu au kwa ujumbe kwa mkuu wa kazi itoshe.

Na hati hiyo isiwe tangazo. Nimeona barua za wagonjwa zikipita mikono ya makarani na madereva, jina la ugonjwa likiwa limeandikwa wazi, na kabla ya saa sita mchana soko zima linajua. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa za kulindwa kwa namna ya pekee. Inatosha hati kusema kwamba mtu hawezi kufanya kazi, na tangu lini hadi lini.

Kuhusu kuusimamisha mshahara, ninaelewa hofu inayowasukuma. Miaka yote tumesoma taarifa za wafanyakazi hewa, na Mkaguzi Mkuu wa Serikali amefanya kazi kubwa ya kuhakiki orodha za mishahara nchi nzima. Ni haki kuwatoa wasiokuwepo duniani. Tatizo ni kwamba katika uhakiki wa ana kwa ana, mtu aliyelazwa na mtu asiyekuwepo hufanana: wote wawili hawakufika mezani. Jina linafutwa kwa siku moja, na kulirudisha huchukua miezi, kwa fomu zinazotembea kutoka wilayani hadi Kampala na kurudi, wakati mgonjwa anauza mbuzi, kisha ng'ombe, kisha kipande cha shamba. Ibara ya 173 ya Katiba inasema mtumishi wa umma hatafukuzwa, hataondolewa, hatashushwa cheo wala kuadhibiwa kwa namna nyingine bila sababu ya haki. Kumkatia mtu mshahara ni adhabu hata kama kompyuta ndiyo iliyoitoa. Ninaomba iamriwe kwamba hakuna jina litakaloondolewa kwa sababu ya kutoonekana kazini kabla Afisa Mkuu wa Utawala hajathibitisha kwa maandishi kwamba mtu huyo ametafutwa nyumbani kwake na katika kituo cha afya kilicho karibu naye, na kwamba aliyeondolewa kwa makosa arudishwe pamoja na malimbikizo yake yote ndani ya mwezi unaofuata.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao hausemwi sana ofisini. Mtumishi anayeogopa kupoteza mshahara huenda kazini akiwa mgonjwa. Mwalimu mwenye kikohozi cha mwezi mzima husimama mbele ya darasa lenye watoto wengi kuliko madawati. Muuguzi mwenye homa huwapokea wajawazito. Nchi yetu imelipia mafunzo ya Ebola kwa gharama kubwa: Gulu mwaka 2000, Bundibugyo mwaka 2007, Mubende na Kassanda kuanzia Septemba 2022, na Januari 2025 mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa akawa muuguzi. Katika milipuko hiyo watumishi wa afya wamekuwa miongoni mwa waliokufa. Mtumishi wa afya aliyeambukizwa na mgonjwa wake hastahili hata kuhesabiwa katika likizo ya kawaida ya ugonjwa, kwa kuwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamtambua mtu aliyeumia au kuugua kutokana na kazi yake, na serikali yenyewe imo miongoni mwa waajiri wanaobanwa nayo. Hata hivyo ni mara chache sana nimeona fomu ya fidia ikijazwa na mtu wa wilaya. Wengine hutumia siku zao za likizo ya mwaka kujiuguza, kisha hurudi kazini wamekwisha likizo na bado hawajapona.

Nikiangalia kwa majirani zetu, sisemi kwamba Uganda ndiyo ya mwisho. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inatoa siku 7 za mshahara kamili na siku 7 za nusu mshahara kwa mwaka baada ya miezi miwili ya kazi, na huo ni ukarimu mdogo kuliko mwezi wetu mmoja. Tanzania Bara imekwenda mbali zaidi: sheria yao ya mwaka 2004 inatoa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Mkataba namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1952, uliruhusu malipo ya ugonjwa yawekewe kikomo cha wiki 26 kwa kila ugonjwa. Ninachopenda kwa Watanzania si wingi wa siku peke yake. Mfanyakazi anaweza kuzihesabu mwenyewe kwa vidole bila kumuuliza mtu, na mhasibu hana nafasi ya kutafsiri.

Fedha zitatoka wapi? Swali hilo ni la haki, na jibu lake kwa sehemu liko katika vitabu vyenu. Mshahara wa mtumishi aliyeajiriwa rasmi umekwisha kutengewa bajeti kabla hajaugua. Kuendelea kumlipa hakuongezi shilingi katika fungu la mishahara. Gharama mpya ni ya mtu wa kushika nafasi yake, na hapo ndipo wilaya hushindwa, kwa hiyo mkuu wa shule aliyebaki na walimu watano humchukia mwalimu wa sita anayeugua badala ya kuuchukia ugonjwa. Lakini kila Juni 30 sehemu ya fedha za mishahara ambazo wilaya hazikuzitumia, mara nyingi kwa sababu nafasi za kazi hazikujazwa, hurudi katika Mfuko Mkuu wa Serikali, na taarifa za Mkaguzi Mkuu hulitaja jambo hilo mwaka baada ya mwaka. Ruhusuni sehemu ya fedha hizo ilipe walimu na wauguzi wa muda wanaoshika nafasi za wagonjwa. Kwa wale wanaolipwa kutoka mapato ya ndani, halmashauri itenge fungu lake dogo katika bajeti, na ifahamike kwamba anayemtumia mfagiaji kwa miaka sita hawezi kudai hakumtarajia kuugua. Ingekuwa vyema zaidi tungekuwa na bima ya afya ya taifa. Muswada wake ulipitishwa na Bunge Machi 2021 lakini haukupata saini ya Rais. Siuingizi katika ombi hili kwa sababu sitaki waraka unaoweza kuandikwa mwezi huu ukasubiri sheria isiyojulikana itakuja lini.

Jambo la mwisho ni mahali pa kulalamika. Kwa sasa mtumishi aliyeonewa huelekezwa kwa afisa wa kazi wa wilaya, pale alipo. Afisa huyo ni mwajiriwa wa wilaya ile ile inayolalamikiwa, ofisi yake iko katika ua ule ule, na mafuta ya pikipiki yake huidhinishwa na yule yule aliyetia saini barua ya kuusimamisha mshahara. Simlaumu akisitasita. Malalamiko yanayoihusu wilaya yenyewe yapewe afisa wa kazi wa wilaya nyingine au yapelekwe moja kwa moja wizarani, na yajibiwe ndani ya siku 30.

Ninawaomba, basi, waraka huo utoke kabla ya Julai 1, mwaka mpya wa fedha unapoanza, ili Maafisa Wakuu wa Utawala wasiseme bajeti ilikwisha kufungwa. Uweke muda wa miezi 6 kwa ugonjwa uliothibitishwa, mitatu kwa mshahara kamili na mitatu kwa kiasi kisichopungua nusu, na uwape wagonjwa wa kifua kikuu na saratani haki ya kumaliza matibabu waliyoandikiwa kabla baraza la madaktari halijaitwa. Na pale ambapo Kanuni za Kudumu zinatoa zaidi ya hapo, ziada hiyo ibaki. Uwahusu wenye mikataba na wale walioitwa vibarua zaidi ya miezi minne. Kisha utafsiriwe kwa Kiswahili, ambacho tangu marekebisho ya Katiba ya 2005 ni lugha rasmi ya pili, na kwa Kilugbara, Kiluganda, Kiacholi, Kiateso, Kirunyankole na lugha nyingine za kila mahali, ubandikwe katika kila ofisi ya kaunti ndogo, kila shule na kila kituo cha afya, katika ukuta ambao mlinzi na mfagiaji huupita.

Nakala ya barua hii ninaipeleka kwa vyama vya wafanyakazi wa umma na wa walimu, kwa kuwa Sheria ya mwaka 2008 ya majadiliano katika utumishi wa umma imewapa kiti mezani, na ningependa kiti hicho kitumike kwa jambo hili katika kikao kijacho.

Wenu katika utumishi,

Mtumishi mstaafu wa serikali ya mitaa,
Arua.